Ukoo wa Chumbageni: mkanda wa Salim

*Jumamosi*

Salim: [picha] Leo nimepanda wimbi mpaka ufukweni bila kupinduka! Wiki ya tano hii 💪

Dada Rehema: Mashallah! Huo ni mtumbwi au ubao?

Salim: Waveski. Huku Durban wapo wengi wanaoitumia. Ni ubao wa mawimbini ila unaketi, husimami. Miguu unaipachika kwenye kamba za mbele, na kafi lina bapa pande zote mbili

Mjomba Hamadi: Salim nimeikuza picha. Huo mkanda kiunoni wa nini?

Salim: Shikamoo mjomba. Unakushika kwenye kiti, ukiinama na chombo kinainama. Bila mkanda unateleza tu

Mjomba Hamadi: Marahaba. Kwa hiyo kikipinduka umefungwa, kichwa chini

Mama: Subhanallah

Mama: Salim nipigie

Salim: Mama subiri kidogo nieleze, kwa sababu hilo ndilo lililonipata

Salim: Wiki ya pili aliyeniazima chombo alinifunga mkanda, nami sikuuliza kitu. Wimbi likanilaza. Napapasa ubavuni kutafuta pa kufungulia, kumbe kifungo kiko mbele. Nilikunywa maji mengi sana. Sikuwaambia, nisameheni

Mama: Ya Rabbi. Mwanangu

Mjomba Hamadi: Ukafanyaje baada ya hapo?

Salim: Mkanda nikauacha. Nikawa natumia mawimbi madogo tu, yale yaliyokwisha kuvunjika, maji ya kiunoni. Jioni naenda bwawa la kuogelea, najifunga, najipindua makusudi, naufungua mkanda huku nimefumba macho. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kifungo chenyewe ni cha kuvuta mara moja tu. Kisha nikajifunza kujiinua kwa kafi bila kufungua. Leo ndiyo mara ya kwanza kuufunga tena baharini tangu siku ile

Mjomba Hamadi: Hapo sawa. Usifunge kitu ambacho mkono wako haukijui gizani. Sasa niambie, ukitupwa nje unakaa upande gani wa chombo?

Salim: Upande wa bahari

Mjomba Hamadi: Vizuri sana. Hata ngalawa ndivyo. Ukisimama upande wa ufuko, wimbi linakubebea chombo kizima kifuani. Nimeona mtu amevunjika mbavu

Khalfan: Kaka na wimbi likija ubavuni?

Salim: Unaliegemea wimbi lenyewe na kuliwekea kafi juu. Ukiegemea ufukweni umekwisha. Kichwani helmeti, maana ubao ni mgumu na mchanga wa chini mgumu zaidi

Mama: Na papa je? Huko si kuna papa

Salim: Durban wameweka nyavu tangu 1952 mama. Lakini si ukuta, papa anaweza kupita. Kwa hiyo jua likizama siingii, wala mvua ikishanyesha maji yakawa tope, wala karibu na mdomo wa mto Umgeni

Dada Rehema: Mimi naogopa mkondo kuliko papa

Salim: Na ndio unaoua zaidi dada. Pale mawimbi hayavunjiki, pametulia, mgeni anadhani ndipo pazuri. Ukivutwa usishindane nao, piga kafi sambamba na ufuko mpaka utoke. Ukichoka kaa juu ya chombo, inua mkono, walinzi wanakuona. Eneo la waogeleaji lina bendera, sisi wenye vyombo hatuingii humo. Ubao ukimgonga mtoto ni msiba

Mjomba Hamadi: Na umande ukivuma kutoka bara, usiende mbali. Kurudi ndiko kunakomaliza mikono

Khalfan: Mjomba nami nikitengeneza kiti kwenye ubao wa hapa nyumbani?

Mjomba Hamadi: Kiti sawa. Mkanda hapana, mpaka nije nikuone ukifungua chini ya maji. Na si siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana

Mama: Salim, kila ukiingia andika hapa. Na ukitoka andika. Peke yako usiingie hata siku moja

Salim: Nimekuahidi mama

*Jumapili*

Salim: Saa 1:10. Naingia. Tuko watatu, mlinzi yupo

Mama: Mungu akulinde

Mama: Saa 2 na nusu hii

Dada Rehema: Mama tulia, bado mapema

Salim: Nimetoka. Nimepinduka mara mbili, zote nimejiinua kwa kafi

Mama: Alhamdulillah. Kula sasa