Naomba ushauri: elektroni za mkia wa sumaku zinafikaje kwenye tao la aurora?

Kijana_wa_Kaskazini: Wakuu, habari za majukumu. Naandaa bango la kisayansi lenye picha ya tao la aurora (mwanga wa angani wa maeneo ya ncha za Dunia). Nimeandika kwamba elektroni zimetoka kwenye mkia wa sumaku (uga wa sumaku wa Dunia uliovutwa mbali na Jua) upande wa usiku, umbali wa nusu-vipenyo 20 vya Dunia, zikashuka moja kwa moja. Elektroni ya keV 1 (elektronivolti 1,000, kipimo cha nishati) huenda km 18,700 kwa sekunde, kwa hiyo safari ni kama sekunde 7. Msimamizi amezungushia "moja kwa moja" wino mwekundu, na bango linachapwa kesho. Nifanyeje?

Mistari_ya_Uga: Hesabu ni sawa, maelezo ndiyo yenye shida. Uga wa sumaku huzidi nguvu kadiri elektroni zinavyoikaribia Dunia, na nyingi hurudishwa zilikotoka. Tao jembamba lenye mwanga mkali linahitaji msukumo wa mwisho: kwenye kimo cha km 5,000 hadi 10,000 hivi hutokea tofauti ya volti elfu kadhaa sambamba na mistari ya uga. Hapo elektroni hupata keV kadhaa, zikaigonga hewa kwenye km 100 hadi 150, na oksijeni ikatoa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nm (nanomita) 557.7. Mkia unatoa chembe na nishati, ila mbio za mwisho hupatikana karibu na Dunia.

Mama_Plazma: Na hizo sekunde 7 zifute. Tarehe 26 Februari 2008, setilaiti za THEMIS za NASA zilionyesha mistari ya sumaku ikiungana upya kwenye nusu-vipenyo kama 20, na aurora ikawaka yapata dakika moja na nusu baadaye. Nishati husafirishwa pia na mawimbi ya Alfvén (mitikisiko inayosafiri kwenye mistari ya uga), na hayo nayo husukuma elektroni. Mwanangu, usichape kazi ambayo haijaiva. Watu watainukuu.

Fundi_Kamera: Mbona picha haina saa? Umepiga wapi, na tao ni la rangi gani?

Kijana_wa_Kaskazini: Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, Norway, Desemba. Jekundu, kijani kidogo sana. Saa sidhani kama ina uzito.

Fundi_Kamera: Ina uzito kuliko vyote ulivyoandika. Saa ngapi?

Kijana_wa_Kaskazini: Saa nne asubuhi. Lakini michoro ya mkia imeshakamilika, na tao ni tao tu.

Shahidi_wa_Macho: Aurora saa nne asubuhi? Jamani, uzi huu umetungwa. Msipoteze muda.

Mistari_ya_Uga: Ndugu, inawezekana kabisa. Longyearbyen iko nyuzi 78 kaskazini; Desemba, hata adhuhuri, jua liko nyuzi kama 10 hadi 12 chini ya upeo. Tena saa nne ya Norway ndiyo takriban adhuhuri ya kisumaku pale, yaani mahali hapo panaelekea Jua kwa kipimo cha uga wa sumaku. Juu yake kuna lango la mchana, ambamo chembe za upepo wa jua (mkondo wa chembe kutoka Juani) huingia bila kupitia mkiani. Elektroni zake zina eV mia moja hivi, huishia juu ya km 200, na oksijeni hutoa nyekundu ya nm 630.0. Atomi huchukua kama sekunde 110 kuutoa mwanga huo. Chini zaidi hewa ni nzito, atomi inagongwa na kunyang'anywa nishati kabla haijang'aa. Kijana, bango lako lina picha ya mchana na maelezo ya usiku.

Kijana_wa_Kaskazini: Si inaweza kuwa chembe za mkia zilizozunguka hadi upande wa mchana?

Mama_Plazma: Zipo zinazozunguka, ndiyo maana upime. Tafuta setilaiti ya DMSP (za hali ya hewa za jeshi la Marekani, zinazopima pia chembe) iliyopita karibu na hapo kwa dakika zile, kimo cha km 840 hivi. Ukikuta elektroni za keV kadhaa, una hoja. Ukikuta elektroni hafifu pamoja na ioni (atomi zenye chaji) za karibu keV 1 ambazo nishati yake inashuka kuelekea ncha, hilo ni lango la mchana, badili kichwa cha bango. Ukiutaka mkia, chukua picha ya usiku wa Tromsø (Norway) au Kiruna (Uswidi), yenye saa ya dunia (UT) hadi sekunde.

Kijana_wa_Kaskazini: Nimesimamisha uchapaji. Data za DMSP nasoma ioni kwanza au elektroni?

Mama_Plazma: Ioni. Mteremko wake ndio utakaokuamulia.