Eti "nimekuuzia faili, sikukuuzia chaneli"! Na nyote mnamjua

BabaSalma_Chake:
Natoka kibandani kwake sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji. Yule wa kutia nyimbo kwenye simu hapa Chake Chake, fundi wa kila kitu, nyote mnamjua.

Juzi kanichukulia 15,000, kanitilia pleilisti kwenye flashi na kiapo juu: chaneli 8,000, mpira wa dunia nzima, hulipi tena mpaka kufa. Jana nikaita barza nzima nyumbani. Kahawa, kashata, mikeka mpaka uani. Nafungua VLC, ile programu ya kuchezea video: chaneli ya kwanza kiza. Ya pili kiza. Ya mia na arubaini kiza! Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Zilizofunguka ni Al Jazeera, DW, France 24 na moja ya mapishi. Mpira umekwisha, wazee wazima tunamtizama Mreno anakaanga samaki!

Usiku ule ule mpwa wangu wa skuli kaifungua ile flashi kwenye kompyuta. Maandishi matupu! Juu #EXTM3U, chini jina la chaneli na linki, jina na linki, mpaka mwisho. Kumbe wanazikusanya watu wa kujitolea, mradi wa iptv-org uko GitHub, ule mtandao wanaowekea kazi zao watu wa kompyuta, kila mtu anachukua bure.

Leo nimemwendea kwa adabu, nimetoa salamu. Kijana sawa na mwanangu wa mwisho, hata kichwa hakuinua: "Mzee, nimekuuzia faili, sikukuuzia chaneli." Mbele ya watu! Wanawake waliokuja kuchukua simu zao wakacheka. FAILI!

karafuu_kavu:
Mzee umenunua orodha ya namba za simu, unalia watu hawapokei 😂

Mtoto_wa_Wete:
Wewe 15,000 tu? Mimi 20,000, kisha akanambia tivi yangu ndiyo yenye kiburi.

fundi_antena:
Linki zile hufa kila siku. Seva, ile kompyuta inayorusha chaneli, ikibadili anwani, kiza. Chaneli ikifungiwa nje ya nchi yake, kiza. Usiweke faili kwenye flashi, bandika linki ya orodha yenyewe ndani ya VLC, wakirekebisha kule na wewe unapata. Na mpira mkubwa usiutafute kule, mle mna chaneli zilizo wazi kwa watu wote.

BabaSalma_Chake:
Sikuuliza linki! Nasema kanambia FAILI, wanawake wanasikia!

bi_mkubwa77:
Wanawake gani, baba? Mimi nilikuwepo. Tulicheka ulivyokuwa umeshika flashi juu kama unataka kuapia.

Mtoto_wa_Wete:
Hata zikifunguka, bando je? GB 1 kwa picha safi haimalizi kipindi cha kwanza.

msafiri_mkoani:
Bora nyinyi mnachagua kiza. Mimi nimetoka Unguja kwa boti, filamu moja ya Kihindi tangu Malindi mpaka Mkoani, sauti mpaka mwisho, na watu wanatapika.

karafuu_kavu:
Boti ile ile iliyonipondea tenga la maembe? Nimefika na juisi.

bi_mkubwa77:
Na tenga wanatoza bei wanayotaka. Wiki iliyopita nimelipia tenga zaidi ya nilivyojilipia mwenyewe.

BabaSalma_Chake:
Jamani, FAILI!

msafiri_mkoani:
Tenga dogo au kubwa?