Tupeane uzoefu: mgonjwa wa kiharusi akipata nimonia ICU

Mleta mada: Salaam wakuu. Baba mkubwa alilazwa kwa kiharusi, upande wa kulia umepooza. Ukoo mzima tulikuwa tunawaza presha na ubongo, kumbe kilichotaka kumwondoa ni mapafu. Alikuwa akipaliwa na mate yake mwenyewe, homa ikapanda, akaishia kwenye mashine ya kupumulia. Mliowahi kuuguza, dalili mlizionaje, na nini kilisaidia?

Bi Mwana: Pole sana mwanangu. Mume wangu hata hakukohoa. Kilichomshtua sista ni sauti: akishakunywa maji tu, koo linakoroma. Ikaamriwa asipewe kitu kwa mdomo mpaka apimwe kumeza. Wakamkalisha wima, kijiko kimoja cha maji, wanasikiliza, kingine tena. Akashindwa, akawekewa mpira wa puani. Mawifi walikuja juu, eti namuua kwa njaa, mmoja ana chupa ya uji mkobani. Nilisimama pale kitandani sikubanduka.

Sista wa zamu: Bi Mwana, ulifanya la maana sana. Mimi ni muuguzi wa ICU. Mpira unalisha, lakini hauzuii mate yenye vijidudu kushuka mapafuni, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Ndiyo maana tunainua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Ndugu wanashusha wakidhani hajalala vizuri. Tafadhali msishushe!

Wengi huuliza kwa nini hatumpi antibayotiki za kinga mapema. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2015 ulionyesha hazikupunguza nimonia kwa wagonjwa wenye shida ya kumeza. Bora kufuatilia homa, sukari na kumeza tangu siku ya kwanza. Australia walilipima hilo, na matokeo ya 2011 yalikuwa mazuri: idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi, wakijumlishwa pamoja, ilipungua.

Kaka wa Tanga: Mama alianza na uji mzito, kidevu ameinamisha. Chai na maji vilikuja mwisho kabisa, maana vyepesi ndivyo vinavyompalia.

Mleta mada: Sista, asiyekula naye anasafishwa mdomo?

Sista wa zamu: Tena huyo ndiye hasa! Kinywa kikikauka vijidudu vinazidi. Mgeuze ubavu, tumia mswaki laini, maji kidogo mno, ulimi na mashavu usivisahau. Meno ya bandia yatoe usiku, yaoshwe.