Idd itanikuta Istanbul nikiwa safarini: swala, pilau na maduka

Mtembezi_wa_Unguja
Assalaam aleikum wana jamvi. Niko kwenye safari ndefu na Idd el-Fitr itanikuta Istanbul, kwenye hosteli yenye jiko la pamoja. Nifuate mwezi wa wapi? Swala yao ikoje? Na pilau la kueleweka litapikika?

Baharia_Mstaafu
Waaleikum salaam. Fuata nchi uliyopo. Uturuki hawangoji mwezi uonekane. Diyanet, idara yao ya dini, hupanga kalenda kwa hesabu, kwa hiyo tarehe unaijua mapema kabisa. Tatizo ni siku zako za funga. Mwaka 2025 wao walianza kufunga tarehe 1 Machi wakaswali Idd tarehe 30, ilhali nyumbani wengi walianza tarehe 2 wakaswali tarehe 31. Aliyeanzia Dar kisha akahamia Istanbul katikati ya mwezi alikuwa na 28 tu. Huyo anaswali Idd na watu wa pale, halafu analipa siku moja.

Swala ndipo wengi wetu tunapochapia, maana wao ni Wahanafi, madhehebu tofauti na yetu. Sisi tumezoea takbira 7 rakaa ya kwanza na 5 ya pili, zote kabla ya Fatiha. Kwao ni tatu tatu. Rakaa ya kwanza zinakuja baada ya dua ya kufungulia: mbili za mwanzo unainua mikono na kuiachia ining'inie, ya tatu unaifunga. Rakaa ya pili imamu anasoma Fatiha na sura kwanza, ndipo anapiga tatu, na ya nne ndiyo ya rukuu. Ukisikia takbira baada ya sura usiiname! Mgeni anajulikana hapo hapo, yeye chini, safu nzima imesimama.

Saa ya swala hutangazwa kwa kila mji, chini ya saa moja baada ya jua kuchomoza. Ingia tangu Alfajiri, vinginevyo utaswalia uani juu ya marumaru. Chukua mswala na mfuko wa viatu.

Mama_Biriani
Mwanangu, pilau litapikika, ila nunua vitu mapema. Mapumziko rasmi yanaanza saa saba mchana siku ya kuamkia Idd, kisha siku tatu. Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kufunikwa, hufungwa, na maduka mengi ya vyakula ya bei nafuu hayafunguliwi siku ya kwanza.

Bizari nyembamba omba "tane kimyon", yaani nzima. Ukisema kimyon tu utapewa ya unga, na hiyo huchafua pilau. Iliki ni kakule, karafuu ni karanfil, mdalasini ni tarçın. Mchele chukua basmati. Ule wao wa baldo ni mfupi na una wanga mwingi, kwa maji yetu unageuka bokoboko.

Kwa watu wanne: nusu kilo ya mchele uliorowekwa dakika 20, nusu kilo ya nyama, vitunguu vitatu vikubwa, bizari kijiko kimoja cha chakula, iliki sita, supu kama mililita 750. Vitunguu vikaange hadi viwe kahawia iliyokolea, rangi yote inatoka hapo. Majiko ya hosteli mengi ni ya sahani za umeme, na sahani haipoi ukiipunguza, inaendelea kuunguza chini. Supu ikikauka hamishia sufuria kwenye sahani nyingine uliyoiwasha kiwango cha chini kabisa, funika kwa karatasi ya foili kisha mfuniko, dakika 15. Hakuna mkaa wa kupalia juu, foili ndiyo itakayobana mvuke.

Mtembezi_wa_Unguja
Shukran sana, mama. Niko na mke wangu, naye ataswali wapi?

Baharia_Mstaafu
Huko si desturi kubwa kwa wanawake kuswali Idd msikitini, kwa hiyo misikiti midogo usiitegemee. Nendeni mkubwa wenye sehemu yao, Süleymaniye au Fatih, na mkaulize siku moja kabla kama itafunguliwa, kwani wanaume wakizidi huweza kuichukua.

Jingine: basi na treni za kutoka mjini hujaa mkesha na siku ya mwisho, kwa hiyo msipange kuhama siku hizo. Pesa za sikukuu za watoto nyumbani tuma kabla benki hazijafungwa. Kupiga simu hakuna hesabu ya masaa, Istanbul na Unguja saa ni moja mwaka mzima.