Boila imekufa, mwenye nyumba hataki kuweka mpya. Mpangaji ana haki gani huku Uingereza?

MamaWawili_Cov
Wakuu habari za jioni, heshima kwa wakubwa wote humu. Naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya nyumba huku. Tunakaa Coventry, tumepanga kwa mtu binafsi kupitia ajenti, sio nyumba ya kaunsili (halmashauri ya mji). Boila ya gesi ilianza visa tangu baridi inaingia, presha inashuka yenyewe, unaijaza asubuhi ikifika jioni imezima kabisa, redieta zote zimepoa na maji ya moto hamna, naogesha watoto kwa birika. Ajenti analeta fundi, fundi anajaza presha anabonyeza riseti anaaga, siku mbili tatu tumerudi palepale. Huyu wa mwisho alituambia kwa mdomo kwamba boila imezeeka, kuna kitu cha ndani kimetoboka na kipuri hakipatikani, dawa yake ni kuweka mpya. Mwenye nyumba kaambiwa, kajibu wasapu eti "boila mpya hela nyingi, nitaangalia mwezi wa nne". Mwezi wa nne si baridi inaisha jamani?? Katuletea vihita viwili vya umeme, nyumba vyumba vitatu, na mita yetu ni ya kulipia kwanza, hela inayeyuka nikiiona. Mdogo ana pumu na nyuma ya kabati chumbani kwake ukuta umeanza ukungu mweusi.

Mume wangu anasema tukate kodi mpaka aweke boila. Mimi naogopa kutolewa, halafu viza yetu ni ya kazi, naogopa nikienda kulalamika serikalini nisije nikaharibu mengine. Tufanyeje?

Kipanga_Luton
Sikiliza mumeo. Usilipe hata senti uone kama boila haiji wiki hiyohiyo. Hawa watu lugha yao ni pesa tu. Mimi nilimkazia wangu, akaleta fundi mbio.

ShangaziReading
Kipanga acha kuingiza watu shimoni. Wewe ulibahatika, mwingine atalala nje na watoto.

Dada pole sana, na mpe pole mtoto. Kodi LIPA, tena lipa siku yake. Huku kodi na matengenezo havifungwi pamoja kichwani mwa hakimu kama tunavyodhani sisi, ukilimbikiza deni yeye ndio anapata sababu ya kukupeleka kortini na wewe ndio unakuwa mkosaji. Zamani deni la miezi miwili lilitosha hakimu kulazimika kukutoa, kwa sheria mpya ya wapangaji kuanzia 1 Mei 2026 imekuwa miezi mitatu, lakini deni ni deni. Ile sekshen 21 ya kukutoa bila sababu, ambayo ndio ilikuwa inatufunga wote midomo, tarehe hiyohiyo inakufa. Kwahiyo ukiwa unalipa kodi vizuri, kukutoa kisa umedai boila ni kazi ngumu kwake. Usimpe fimbo mwenyewe.

Sasa haki yako. Kuna sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, kinasema mwenye nyumba lazima aweke vifaa vya kupasha joto nyumba na maji vikiwa vizima na vinafanya kazi. Haijalishi mkataba umeandika nini, hata kama uliandikiwa matengenezo ni juu yako, hicho kipengele hakina nguvu. Halafu kuna ya 2018, inayosema nyumba lazima ifae binadamu kukaa, na baridi kali pamoja na unyevu vimo kwenye orodha ya mambo yanayoangaliwa.

Hatua ya kwanza leo usiku kabla hujalala: andika IMEILI, kwa ajenti na mwenye nyumba wote wawili. Wasapu ni sawa kama ushahidi ila imeili ndio imekaa kiofisi. Andika boila ilianza lini kuharibika, mafundi walikuja lini, walisema nini, kwamba hamna joto wala maji ya moto, kwamba kuna mtoto mwenye pumu na ukungu umeanza, na umpe tarehe ya kujibu. Usitukane. Usiandike hadithi ndefu. Ile wasapu ya mwezi wa nne piga skrinshoti uiweke mahali, hiyo ni dhahabu, kakiri mwenyewe kwa maandishi kwamba anajua na hataki.

Asipojibu cha maana, kaunsili. Sio ofisi ya kugawa nyumba, ni idara ya afya ya mazingira au ya nyumba za kupanga binafsi, fomu iko kwenye tovuti yao. Afisa anakuja kukagua. Akiona baridi ni hatari ya daraja la kwanza, yaani ile mbaya zaidi, kaunsili inalazimika kuchukua hatua, kwa kawaida ni notisi ya kumwamuru atengeneze ndani ya muda fulani, na kuipuuza notisi ile ni kosa la jinai. Faini zake ni za maelfu mengi, na wewe mpangaji unaweza kwenda kwenye baraza la kesi za nyumba (tribunal) kudai urudishiwe kodi uliyolipa, hadi ya miezi 12, na hii sheria mpya inapandisha hadi miaka miwili. Hapo ndio utaona boila inavyopatikana.

Na viza toa hofu. Kaunsili kumkagua mwenye nyumba sio msaada wa fedha za umma (ule ambao viza nyingi za kazi zinaukataza) unaouchukua wewe. Ni kazi yao kwa kila nyumba.

FundiGesi_Leicester
Naongea kama fundi, nina kadi ya Gas Safe (usajili wa lazima wa mafundi gesi) na boila ndio ugali wangu.

Hilo la presha lina sababu zaidi ya moja na mwenye nyumba mjanja atalitumia kukuzungusha, kwahiyo jua haya. Boila ikiwa baridi geji inatakiwa isome kama bar (kipimo cha presha) 1 hadi 1.5. Angalia ikiwa inawaka sindano inapanda mpaka karibu 3 halafu ikipoa inashuka sifuri? Kama ndio, toka nje kwenye ukuta wa upande wa boila, kuna kabomba ka shaba kamechungulia nje, shika chini yake kama pana maji. Pakiwa na maji basi inawezekana ni lile tangi dogo la hewa limeishiwa, hiyo inatengenezeka kwa hela ya kawaida, haihitaji boila mpya. Kama haipandi, inashuka tu taratibu na ndani ya boila kunadondoka maji, hapo ndio anachosema huyo fundi, sehemu ya kubadilishana joto imetoboka, na kama ni ya zamani kiasi hicho kipuri kinaweza kukosekana kweli au bei yake ikakaribia ya boila.

Kwanini nasema hivi: sheria inamtaka AREKEBISHE, haisemi lazima anunue mpya. Mpangaji akienda na "nataka boila mpya" ajenti anamjibu "tunaitengeneza" na miezi inakwenda. Sema "nataka joto na maji ya moto vifanye kazi muda wote". Njia atajua yeye. Lakini fundi aliyesajiliwa akiandika kwenye ripoti kwamba haitengenezeki, basi kurekebisha maana yake ni kubadilisha, hana pa kutokea. Kwahiyo neno la mdomo la yule fundi halikusaidii. Mpigie, namba yake ipo kwenye karatasi aliyoacha, muombe atume ripoti kwa maandishi, au mdai ajenti akupe ripoti za ziara zote.

Na muulize ajenti cheti cha gesi cha mwaka huu. Ukaguzi wa gesi ni kila baada ya miezi 12 na nakala lazima upewe ndani ya siku 28. Ukikuta hawajafanya, hiyo ni kesi nyingine kabisa na kubwa kuliko ya baridi. Angalia pia kama kwenye chumba chenye boila kuna alamu ya kaboni monoksaidi, England ni lazima tangu Oktoba 2022.

Kitu kimoja tafadhali, na nasema kwa sababu nishakikuta: msiwashe jiko la mkaa ndani. Hata dirisha likiwa wazi. Hata "kidogo tu watoto wapate joto". Ile hewa haina harufu, inaua familia nzima wamelala. Na hivyo vihita chomeka moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni.

Otis_Glasgow
Poleni. Niongeze tu kwa wale tuko huku Scotland, hizo sheria Shangazi ametaja ni za England, si tuko na zetu. Huku kuna kiwango cha matengenezo kila mwenye nyumba lazima afikishe, akikataa unampeleka kwa tribunal ya nyumba, haulipi kitu kuomba, na hauhitaji wakili. Mimi nilienda, wanakuja mpaka kwa nyumba kuangalia. So mtu akisoma hii aangalie yuko upande gani kwanza.

Lakini Kipanga hajakosea yote. Hakuna njia ya kutengeneza wewe mwenyewe ukate kwa kodi? Nimesikia watu wakifanya.

ShangaziReading
@Otis ipo, kuna kesi ya zamani ya 1971 iliyoipa baraka, ila ina utaratibu wake: unamwandikia, unampa muda, unatafuta bei kwa mafundi zaidi ya mmoja, unamtumia hizo bei, unampa muda tena, ndio unatengeneza na kukata kwenye kodi zinazofuata ukiwa na risiti. Ukiruka hatua moja umejitengenezea deni. Na hapa tunaongelea boila, sio bomba la sinki, kuweka mpya inaweza kufika paundi elfu mbili na kitu, mama wa watoto wawili azitoe wapi? Halafu kifaa chenyewe ni mali ya mtu. Mimi nisingefanya bila kuongea kwanza na mashirika ya hisani kama Shelter au Citizens Advice, ushauri wao ni bure.

Mpemba_MK
Asalaam alaykum. Kwa walio kwenye nyumba za kaunsili au jumuiya za nyumba (housing association), nyinyi mambo yenu yamepata nguvu zaidi. Yule mtoto Awaab Ishak aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba, sheria iliyobeba jina lake imeanza 27 Oktoba 2025, jambo la dharura wanatakiwa walishughulikie ndani ya saa 24. Na ukungu na unyevu wamewekewa muda wa kuchunguza. Wakikuzungusha maliza malalamiko yao ya ndani, kisha nenda kwa Housing Ombudsman, ofisi huru ya malalamiko ya wapangaji. Kwa nyumba ya binafsi kama ya dada hapo juu bado haijafika, ila imo njiani.

Dada, huo ukungu upige picha kila wiki, na uweke rula pembeni ionekane unavyokua. Nunua kipimajoto cha paundi chache ukiweke chumbani kwa mtoto, piga picha asubuhi na usiku. Shirika la Afya Duniani linasema nyumba isishuke chini ya nyuzi 18, wewe onyesha yako inasoma ngapi. Na daktari wa mtoto aandike kwenye faili kwamba anaishi kwenye baridi na ukungu. Wallahi karatasi ya daktari huwaamsha watu.

Care_Mnyonge
Samahani nadandia uzi. Sisi nyumba ni ya mwajiri, wafanyakazi wanne, kodi inakatwa kwenye mshahara, hita haifanyi kazi chumba cha juu na bosi ndio huyohuyo mwenye viza zetu. Hapo tunaanzia wapi? Kulalamika ni kama kujichongea.

ShangaziReading
Hapo mdogo wangu pagumu kidogo, sikudanganyi. Kaunsili inaweza kukagua nyumba yoyote, haijali ni ya nani. Ila kinga yako ya kutotolewa inategemea mkataba unasemaje, nyumba inayofungamana na kazi mara nyingi kinga yake ni nyembamba. Usianze na kaunsili, anza na Citizens Advice ukiwa na mkataba wa kazi na silipi za mshahara, waulize upo kundi gani la upangaji. Na mkienda wote wanne kwa pamoja ni tofauti na kwenda mmoja.

Kipanga_Luton
Haya nimenyoosha mikono, shangazi kanifunga na makaratasi 😅 ila bado nasema huyo mwenye nyumba wa mwezi wa nne anastahili kulala humo yeye.

MamaWawili_Cov
Jamani asanteni mno. Nimetoka nje na tochi, kabomba ka shaba kakavu kabisa, ila nimefungua kijimlango cha chini cha boila pana maji na kutu. Imeili nimetuma kwa wote wawili na skrinshoti ndani. Ajenti kajibu saa hiyohiyo, kumbe wanaweza, eti "tutampeleka fundi mwingine Alhamisi". Mume wangu kakubali kodi tulipe. Maswali mawili: huyo fundi nimkubalie aingie au nimkatalie maana ni walewale wa riseti? Na umeme wa ziada tuliochoma tunaweza kudai?

FundiGesi_Leicester
Mkubalie, usimfungie mlango mtu hata siku moja, ukikataa watasema mpangaji ndio kazuia matengenezo. Muulize kadi ya Gas Safe, geuza nyuma uone kama boila imo kwenye kazi anazoruhusiwa. Mwonyeshe hayo maji na kutu, mwache afanye kazi yake, na kabla hajaondoka mwambie aandike kwenye karatasi alichokikuta na kama kinatengenezeka. Wewe piga picha geji akiwa anatoka na nyingine kesho yake asubuhi. Akijaza presha tu akaondoka, Ijumaa jaza fomu ya kaunsili, usisubiri Jumatatu.

ShangaziReading
Umeme ndio, unaweza kuuweka kwenye madai ya fidia, weka risiti zote za tokeni na za miezi ile boila ilikuwa nzima ili tofauti ionekane. Ila usizikate kwenye kodi mwenyewe. Mwandikie kwanza akulipe, wengi wakishasikia kaunsili inakuja wanakuwa wapole.