Hema au machela? Ufukwe wa kufika kwa boti tu

Mtu wa Likizo:
Wakuu, salamu. Mwisho wa mwezi tunakwenda kulala ufukweni, mahali pasipo barabara, unafika kwa boti au hufiki. Pesa inatosha kitu kimoja: hema kubwa, au machela za kufunga kwenye miti. Machela nyepesi, hazili nafasi botini. Hema zito, ila lina mlango. Nichukue kipi? Naagiza kesho.

Bamvu:
Mko wangapi? Siku ngapi? Miti ipo? Boti inawasubiri au inawashusha na kuondoka? Ndugu, umeulizia viatu bila kutaja namba ya mguu.

Kamba Mbili:
Machela. Hapo hakuna mjadala. Hema usiku wa joto ni sufuria yenye kifuniko, na mchanga utaukuta hadi ndani ya masikio. Kwenye machela upepo unapita chini yako. Tafuta miti miwili mizima, hatua tano hivi kati yake, mikanda mipana isiyochubua gome, chandarua na turubai juu. Kagua matawi makavu kwanza. Mimi mwaka wa nane huu silali chini.

Mzee wa Kasia:
Machela ni ya kubebea wagonjwa, kijana. Hiyo unayoisema ni susu.

Kamba Mbili:
Susu si ya mtoto mchanga, mzee wangu?

Mzee wa Kasia:
Na wewe miaka minane unabembezwa, tukuiteje?

Mama Turubai:
Hema, lakini liwe la kusimama lenyewe kwa fito zake. Linalotegemea vigingi litakuaibisha, mchanga haushiki vigingi vifupi. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, ufukie kina cha mkono hadi kiwiko. Hapo upepo utavuta hadi uchoke. Na ukirudi suuza hema lote, hasa zipu, kwa maji baridi (yasiyo na chumvi, asije mtu akatia barafu). Zipu zangu mbili za kwanza zililiwa na chumvi kwa sababu ya uvivu.

Bamvu:
Mwenye swali bado kimya.

Nanga Kavu:
Mnabishania kitanda. Tulikwenda watatu, usiku mmoja tu. Nahodha akatushusha jioni maji yakiwa yanakupwa, ufuo ukawa mpana kama uwanja wa mpira. Tukapiga hema karibu na maji, tusikie mawimbi vizuri. Tukayasikia. Saa tisa usiku godoro likaanza kutikisika. Nikawasha tochi, kandambili zinaelea, moja ndani moja nje, na mwezi mpevu umetulia juu kama hauhusiki. Tukaburuta kila kitu hadi vichakani.

Hayo madogo. Asubuhi upepo ukageuka, mawimbi yakawa yanapasuka palepale boti ilipotakiwa kuingia. Nahodha hakuja. Simu haina mtandao. Tulikuwa na maji lita 10 kwa watu watatu, na jana yake tulishayaoshea vyombo, na hata miguu, kama watu wenye bomba. Hadi jioni tukawa tunapimiana kwa kizibo cha chupa. Alikuja kesho yake adhuhuri. Sikumlaumu, angelazimisha siku ile angetuzamisha. Tangu hapo nabeba lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na nahesabu siku mbili zaidi ya zilizopangwa.

Kamba Mbili:
Mngekuwa na machela maji yangepita chini.

Nanga Kavu:
Ningeifunga wapi, kwenye mawimbi?

Mtu wa Likizo:
Samahani, kazi zilinibana. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka 6 na shemeji, kiuno chake kibovu. Siku mbili. Miti sijui, kwenye picha naona mchanga tu. Boti inatushusha saa kumi jioni na kurudi kutuchukua.

Mama Turubai:
Kwenye picha hakuna mti na ulitaka machela?

Bamvu:
Kwa hesabu ya Nanga Kavu hizo ni lita 80, yaani kilo 80. Abiria wa tano huyo, mwambie nahodha mapema. Mwisho wa mwezi upi, wa kalenda au wa angani?

Mtu wa Likizo:
Wa kalenda. Ila mbalamwezi itakuwepo, mwezi mpevu kabisa. Mke wangu anataka picha za usiku.

Bamvu:
Basi mnakwenda kwenye bamvu lenyewe, maji makubwa yanayopanda kuliko siku nyingine. Mara nyingi maji hupanda zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Na usiuamini mstari wa mwani mkavu, huenda umeachwa na maji mafu ya juzi, yale yasiyopanda sana. Panda hadi majani yanapoanza kuota, ndipo upige kambi. Sogeza safari wiki moja kama unaweza.

Nanga Kavu:
Na redio ya mkononi ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, chaneli ya 16 ya kuomba msaada. Azima kama huna.

Mzee wa Kasia:
Shemeji asilale kwenye susu.

Kamba Mbili:
Machela ndiyo dawa ya kiuno, mzee. Unalala mshazari, mgongo unanyooka.

Mama Turubai:
Daktari wa miti amefika.

Mtu wa Likizo:
Asanteni. Tarehe siwezi kubadili, likizo imeshapitishwa. Sasa hema, la chumba kimoja au viwili?