Kuondoka mstarini kwenye dragi (mbio fupi za gari kwenye njia iliyonyooka) kwa mara ya kwanza: njia ipi ianze?

Fundi_Ekseli
Wakuu, swali la wageni huwa lilelile: "Niondoke na mizunguko mingapi ya injini kwa dakika?" Kwa otomatiki, njia ni tatu.

Ya kwanza, mguu wa kushoto kwenye breki, injini ingurume tu bila kukanyaga mafuta. Kwenye taa za kuanzishia mbio, ya tatu ya njano ikiwaka, achia breki na zamisha mafuta hadi chini ndani ya sekunde moja hivi. Ya pili, shikilia breki huku umepandisha mshale wa mizunguko hadi 1,500 au 2,000, kisha achia. Ya tatu ni lonchi kontroli, yaani mfumo wa gari unaodhibiti wenyewe mizunguko wakati wa kuondoka, kama gari inayo.

Mgeni aanze na ya kwanza. Haileti muda mzuri kuliko zote, ila hujirudia vilevile kila mbio, na bila kitu kinachojirudia huna cha kulinganisha. Ya pili ina faida kubwa kwa gari ya turbo, kwa sababu upepo wa turbo unakuwa umeshaanza kujaa. Usishikilie zaidi ya sekunde mbili tatu. Nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya mafuta ya giaboksi. Na gari ikianza kusukuma breki, itavuka mwale wa mwanga ulio mstarini kabla ya taa ya kijani, unapata nyekundu, yaani umeondoka mapema.

GiaTano
Na sisi wa klachi? Naona wengi wanapandisha hadi 5,000 na kuachia klachi ghafla.

MamaTurbo
Matairi ya mtaani hayabebi hiyo, kaka. Yatazunguka palepale, au gari ianze kurukaruka kwa nyuma. Ikirukaruka, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja: tairi linashika na kuachia kwa zamu, na kila likishika shafti inapigwa kama kwa nyundo. Hapo ndipo zinapokatika.

Anza 2,500. Klachi iachie haraka hadi inapoanza kushika, ibakize hapo kwa muda mfupi gari ianze kusogea, ndipo umalizie huku ukiongeza mafuta. Injini ikizama na gari kusita, mbio ijayo panda 300. Matairi yakizunguka, shuka 300. Usiguse kitu kingine mbio hiyo, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Fundi_Ekseli
Hapo sawa, ila gari inayovuta matairi yote manne ni habari nyingine. Matairi hayatelezi, kwa hiyo mshtuko wote unaishia kwenye klachi. Ukisikia harufu ya kuungua, ipumzishe, usirudi foleni papo hapo.

Njano_ya_Tatu
Mnaruka mstari wenyewe. Zile taa mbili ndogo za juu: ya kwanza inakuambia umekaribia, ya pili kwamba tairi la mbele limekata mwale. Ya pili ikiwaka tu, simama. Ukiwa umekata mwale kwa ukingo wa mbele wa tairi, una kama sentimita 30 za kuviringika kabla saa haijaanza, na gari inaingia kwenye muda ikiwa tayari inasogea.

Saa ya muda wa mbio haianzi na taa ya kijani. Huanza tairi likitoka kwenye mwale. Ukichelewa kuondoka, muda wa gari hauharibiki, wa kwako wa kuitikia taa ndio unaoharibika. Kwa hiyo mgeni asipapatike.

GiaTano
Maji yale ya kulowesha matairi je?

Njano_ya_Tatu
Yapite kando, usipite juu yake. Tairi la mtaani lina mifereji, linabeba maji hadi mstarini. Ukishayapita, zungusha matairi kidogo kuondoa vumbi na kokoto, basi. Zima na kiyoyozi, kinadondosha maji njiani.

MamaTurbo
Upepo wa matairi pia. Yale yanayosukuma gari, toa kutoka psi 32 hadi 28 hivi kwa matairi ya kawaida. Ukishuka sana, kuta za tairi zinalegea na gari inayumba kwenye mwendo mkali. Gari inayovuta kwa mbele, punguza ya mbele, ya nyuma yaache yamejaa. Rudisha upepo kabla ya kuingia barabarani.

Fundi_Ekseli
Na kwenye risiti ya muda unayopewa baada ya mbio soma kwanza muda wa futi 60, yaani mita 18 za mwanzo. Huo ndio unaopima kuondoka kwako. Kasi ya mwisho inaonyesha zaidi nguvu ya injini. Ukipunguza sekunde 0.1 kwenye futi 60, mwisho wa mbio ya mita 402 kwa kawaida unapunguza 0.15 hadi 0.2. Lonchi kontroli ikikupa futi 60 mbaya kuliko mguu wako, imewekewa mizunguko mingi kuliko matairi yanavyoweza. Kama hairekebishiki, izime.